Anayekodisha nyumba ni nani: mpangaji au mwenyewe?

MAJUZI mpwa wangu alinipigia simu kwa furaha. “Mjomba, nimekodisha nyumba ya kifahari Kilimani, vyumba viwili!” Nilimpongeza, kisha nikamuuliza wapangaji wake watakuwa wakimlipa pesa ngapi kwa mwezi. Kimya. “Lakini mjomba, mimi ndiye nitakayelipa!”

Nilikuwa namtania, ila kosa si lake peke yake. Humu nchini, ‘kukodisha’ kumegeuka kitenzi cha pande zote mbili: mwenye nyumba anakodisha, anayesaka keja naye anakodisha. Kiambishi -ish- hapo ni cha usababishi. Anayekopa hupokea, anayekopesha hutoa. Vivyo hivyo, anayekodi huchukua kitu kwa malipo, ilhali anayekodisha ndiye mwenye kitu. Hakuna mwenye deni anayesema ameikopesha benki. Mbona kwenye nyumba tunakubali?

Hata ‘kukodi’ kwenyewe, kwa maoni yangu, hakukai vizuri na makao. Tunakodi teksi, hema, ukumbi wa harusi. Nyumba ya kuishi, inayolipiwa kila mwezi, hupangwa: mpangaji hupanga, mwenye nyumba hupangisha. Zile fleti za Kilimani na Kileleshwa ambazo wageni huchukua kwa siku mbili tatu, hizo sawa, zikodiwe.

Nilimwomba anitumie tangazo lililomvutia. Liliandikwa: ‘Tunakodi nyumba ya anasa, vyumba viwili.’ Maneno sita, matatizo matatu. ‘Tunakodi’ ni kauli ya mtu anayetafuta nyumba, si anayeitoa. ‘Anasa’ ni starehe iliyopita kiasi, neno la wahubiri wanaokemea mambo ya dunia. Mpwa wangu mwenyewe alisema ‘ya kifahari’, na hapo alimshinda wakala (ingawa fahari ya jengo lenye lifti na maji ya kuletwa kwa lori nina shaka nayo).

Lakini lililomuumiza ni hilo la tatu. Mpwa wangu aliposoma ‘vyumba viwili’ alielewa viwili vya kulala, sebule kando, kama ilivyozoeleka katika matangazo ya Kiingereza. Mitaani, hata hivyo, watu wengi huhesabu kila chumba: chumba na sebule, hivyo ni viwili. Alikuwa ameshatuma amana na kodi ya mwezi wa kwanza kabla ya kuingia ndani. Alipoingia, alikuta kitanda kinatosha chumba kimoja tu, kingine ni sebule. Wakala akamjibu, “Si ni vyumba viwili? Hesabu.” Sidhani ilikuwa bahati mbaya. Maneno ‘vya kulala’ yangeongezwa, wakala asingekuwa na pa kujifichia.

Wapo wanaisimu wenzangu watakaosema lugha ni mali ya wazungumzaji, na kwamba muktadha hutatua utata. Mara nyingi ndivyo. Sina ugomvi na keja, ploti wala keretaka. Kila mtu anaelewa yanachomaanisha. Lakini chukua suala la ushuru. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba za makazi anayepokea kodi ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya mapato hayo, badala ya 10 ya awali. Mzigo huo ni wake, si wa mpangaji. Sasa andika katika mkataba kwamba ‘anayekodisha nyumba ndiye atakayelipa ushuru’, kisha umpe mpwa wangu asome. Kwa Kiswahili alichonipigia nacho simu, atatia saini akijua ni yeye.

Amana yake bado hajarudishiwa. Barua ya kuidai tumeiandika pamoja juzi. Pale alipoandika ‘nyumba niliyokodisha’, nilifuta, nikaandika ‘niliyopanga’.