Weusi Usiochujika

Chukua mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, uufunge chini, uutundike juu ya pipa, kisha umimine ndani yake oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Itashuka tone kwa tone usiku kucha. Asubuhi utakuta kwenye kitambaa tope zito, vipande vya gasketi na chengachenga za chuma zinazometa ukizimulika kwa tochi. Ndani ya pipa utakuta oili nyeusi tii, vilevile kama ilivyoingia.

Hivi ndivyo walivyoanza Wamarekani wengi waliotaka kuendeshea magari yao oili chafu badala ya dizeli katika miaka ya 2000, bei ya dizeli ilipokuwa inapaa hadi kufikia wastani wa dola 4.76 kwa galoni mwezi Julai 2008. Baadhi yao walikwisha kuzoea kuchuja mafuta ya kukaangia ya migahawani, na oili ya injini ikaonekana ni hatua moja tu zaidi. Tena ilikuwa ya bure, kwa kuwa gereji nyingi zilikuwa zinatafuta mtu wa kuziondolea mzigo huo. Nyuma ya nyumba zao yakasimama mapipa ya lita 200, hita za umeme, pampu na misururu ya filta. Ndani ya gereji zao zilikaa Mercedes za zamani zenye injini ya OM617, pikapu za Ford za lita 7.3 na malori ya jeshi yaliyonunuliwa mnadani. Kazi yao haikuwa ya kubahatisha, na magari mengi yaliondoka kweli. Ila walikuwa wanapigana na mkemia, na wengi hawakulijua hilo.

Tuanze na pipa. Hatua ya kwanza ilikuwa kuiacha oili itulie ili uchafu uzame wenyewe. Kuna kanuni ya zamani ya fizikia, ya Stokes, inayokupa mwendo wa chembe inayozama ndani ya kimiminika. Nimeipigia hesabu kwa oili ya 15W-40 ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba. Punje ya chuma yenye upana wa maikroni 10 huzama sentimita 16 hivi kwa siku, kwa hiyo wiki moja inatosha kulivuka pipa zima. Tone la maji lenye upana wa maikroni 100 huenda kasi zaidi ya hapo. Mpaka hapa mbinu ya pipa ni nzuri na haina gharama.

Masizi ni habari nyingine. Kichane cha masizi ndani ya oili ya dizeli kina upana wa takriban maikroni 0.2, na kwa hesabu ileile kinazama milimita tatu kwa mwaka. Pipa lina urefu wa sentimita 88 hivi. Atakayesubiri masizi yafike chini awaachie kazi hiyo wajukuu wa wajukuu zake, maana ni karibu miaka 300.

Na hata hiyo ni hesabu ya kuwapendelea wachujaji, kwa sababu inachukulia kwamba masizi hayazuiwi na chochote. Kumbe yanazuiwa makusudi. Oili ya injini si mafuta matupu. Ndani yake kuna viungio, na kimojawapo ni kemikali ambayo molekuli zake huishika kila chembe ya masizi, huizingira na kuizuia isigandane na wenzake. Bila kemikali hiyo masizi yangejikusanya kuwa tope, yakaziba njia za oili na kuua injini. Fundi anayesema oili ikiwa nyeusi ujue inafanya kazi yake anasema kweli tupu. Imeundwa ibebe uchafu bila kuuangusha, halafu mtu anaitia kwenye pipa na kutaka iuangushe.

Nimewahi kudondosha tone moja la oili kabla ya kupita kwenye filta ya maikroni 1, na jingine baada ya kupita, juu ya karatasi nyeupe inayonyonya. Baada ya saa chache yote mawili yalikuwa yamesambaa na kuwa duara jeusi lisilo na kiini, ishara kwamba kile kiungio cha kutawanya masizi bado kina nguvu. Mwenye gari akiona duara hilo hufurahi. Mimi niliyekuwa nachuja nilijua nimepoteza jioni nzima.

Hapo ndipo suala la filta linapochanganya watu. Filta iliyoandikwa maikroni 5 dukani mara nyingi hushika sehemu tu ya chembe za ukubwa huo na kuziachia nyingine zipite. Ile inayoshika karibu zote huuzwa kwa kipimo kingine na kwa bei nyingine. Lakini hata ukinunua ya maikroni 1 iliyo ya kweli, masizi ya maikroni 0.2 yatapita kama dagaa kwenye wavu wa jodari. Filta ndogo zaidi ya hapo huziba kabla hujajaza dumu.

Maji yalikuwa na dawa yake. Tone moja la oili hudondoshwa juu ya kikaango kilichopata moto wa zaidi ya nyuzi 130 za Selsiasi. Ikitatarika kama kitunguu kibichi kwenye mafuta, maji bado yamo. Wengi waliyaondoa kwa kuipasha oili hadi nyuzi 110 hivi, na wengi walijifunza kwa uchungu kwamba maji yaliyo chini ya pipa yakichemka ghafla, oili hufura na kumwagika kama maziwa jikoni, ila hii humwagikia hita.

Ikaja hatua ya kuzimua. Mnato wa dizeli kwenye nyuzi 40 unatakiwa uwe kati ya sentistoksi 2 na 4.5 kwa viwango vya Ulaya. Oili ya 15W-40 kwenye joto hilo ina 110 hivi, na hata ukiipasha hadi nyuzi 100 inabaki na 14 au 15. Nozeli iliyotengenezwa kunyunyiza ukungu haiwezi kunyunyiza kitu kama hicho. Itatema michirizi, nayo itaunguzwa nusu tu. Kwa hiyo walichanganya petroli, asilimia 15 au 20. Kwa kanuni ya kawaida ya kuchanganya mafuta, asilimia 15 ya petroli inashusha mnato kutoka 110 hadi karibu 23. Uchafu sasa unazama karibu mara tano kwa kasi zaidi, na hiyo ndiyo sababu wajuzi walitia petroli mwanzoni na si mwishoni. Hata hivyo mchanganyiko bado ni mzito mara tano kupita mpaka wa dizeli.

Isitoshe, sasa una pipa la petroli. Mvuke wake hushika moto kwa cheche hata penye baridi kali. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lina vipimo vya oili chafu inayochomwa kama mafuta ya kawaida: risasi isizidi sehemu 100 katika milioni, aseniki 5, kadimiamu 2, kromiamu 10, na mvuke wake usiwake kwa cheche chini ya nyuzi 38. Kwa kipimo hicho cha mwisho, mchanganyiko wa petroli huanguka mtihani kabla hata haujapimwa metali. Kuiwekea hita oili yenye petroli ni kutafuta kuunguza nyumba.

Waliojiweza kidogo waliruka filta wakanunua mashine ya kuzungusha oili kwa kasi kali, ile inayotupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Hapa nawavulia kofia. Bakuli lenye upana wa sentimita 15, likizunguka mara 6,000 kwa dakika, hutoa nguvu ya karibu mara 3,000 ya mvutano wa dunia. Ongeza joto la nyuzi 80, ambalo hupunguza mnato kama mara kumi, na zile milimita tatu za mwaka mzima zinakuwa milimita tatu kwa robo saa na ushei. Ukiipitisha oili polepole mno, tena mara kadhaa, kuta za bakuli hujaa utando mweusi mgumu kama lami. Ni ufundi halisi, na injini zilizopewa oili ya namna hii zilidumu kuliko zile za mguu wa suruali.

Lakini tufike kwenye majivu, maana hapa ndipo mashine nayo inapokwama.

Viungio vingine vya oili havielei ndani yake kama masizi. Vimeyeyuka, au vimetawanyika kwa udogo unaokaribia huo. Kuna zinki na fosforasi za kulinda vyuma vinavyosuguana. Kuna kalsiamu au magnesiamu za kuua asidi na kuosha pistoni. Hakuna kitambaa wala bakuli la gereji litakalovitoa, kama vile chujio la chai lisivyotoa sukari kwenye chai. Oili ikiungua ndani ya silinda, kaboni inaondoka na moshi, na metali hizo zinabaki kuwa majivu.

Weka tarakimu. Oili nyingi za dizeli zina majivu ya takriban asilimia 1.2 ya uzito wake. Dumu la lita 20 lina kilo 17.6 hivi za oili, kwa hiyo lina zaidi ya gramu 200 za majivu yanayosubiri kuzaliwa. Dumu la dizeli safi, kwa mpaka wa asilimia 0.01, halipaswi kuzidisha gramu 1.7. Sasa linganisha na chuma kilichosagika kutoka kwenye injini, kile ambacho kila mchujaji anakiogopa: oili ikiwa na chuma sehemu 50 katika milioni, dumu zima lina gramu moja isiyotimia. Mtu amekesha kuitafuta gramu moja, na mia mbili zimempita mbele ya macho.

Majivu hayo huenda wapi? Mengi hutoka na moshi. Yanayobaki hujenga ukoko kwenye ncha ya nozeli, juu ya pistoni, nyuma ya ringi na kwenye viti vya valvu. Injini za zamani huvumilia kwa sababu zina nafasi ya kuvumilia. OM617 ina chemba ya awali ambamo mafuta huanza kuwaka kabla ya kuingia kwenye silinda, na nozeli yake hufunguka kwa shinikizo la baa 120 hivi kupitia tundu pana la pini moja. Toyota Land Cruiser yenye 1HZ ya lita 4.2, ile mikonga tunayoijua kutoka Karatu hadi Turkana, ni ya ukoo huohuo. Zaidi ya hapo, pampu za zamani hulainishwa na mafuta yanayopita ndani yake, na oili kidogo kwenye dizeli huzifanyia hisani.

Gari la leo ni kiumbe tofauti. Shinikizo ni zaidi ya baa 1,600, nafasi kati ya vyuma ndani ya injekta ni maikroni chache, na kwenye ekzosi kuna kichujio cha masizi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyaunguza masizi, lakini majivu hayaungui. Yakishaingia ndani hukaa humo mpaka kichujio kifunguliwe au kitupwe.

Msidhani kwamba haya yalikuwa mambo ya walalahoi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Cummins, kampuni ya kutengeneza injini, ilikuwa na mfumo wa kiwandani ulioitwa Centinel: lori lilichota oili yake lenyewe kwa vitone, likaichanganya na dizeli na kuiunguza, huku likijaziwa oili mpya kutoka tangi la pembeni. Ulifanya kazi kwa sababu kiasi kilikuwa kidogo mno na oili ilikuwa ya injini ileile, yenye historia inayojulikana. Kanuni za moshi za mwaka 2007 zilipoleta kichujio cha masizi Marekani, ruhusa ya kuchanganya oili na dizeli ikafutwa kwa injini mpya.

Mtu wa mashine ya kusaga ataniuliza: na Lister yangu je? Swali lake ni la haki. Lister CS, iliyoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930, na ndugu zake wa India waliojaa vijijini kwetu, huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Muda wa kuunguza ni mrefu na kila kitu ni kinene. Nikipiga hesabu ya mnato, asilimia 10 ya oili iliyochujwa vizuri na kukaushwa maji, ndani ya dizeli, inafika sentistoksi 3.8 hivi, bado ndani ya mpaka. Asilimia 20 inaupita. Lakini hata ile asilimia 10 inaleta majivu mara kumi na mbili ya kiwango cha dizeli, na salfa pia, katika ukanda wetu ambao mwaka 2015 ulianza kudai dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mwenye Lister anayejua kufungua kichwa, kukwangua na kurudisha Jumapili moja anaweza kuona hesabu inamlipa. Moshi utamfikia mama aliyepanga foleni ya unga, na humo mna chochote kilichokuwa ndani ya injini za wateja wa gereji.

Kuyatoa majivu kweli kunahitaji kiwanda: oili huchemshwa ndani ya mtungi ulioondolewa hewa ili igeuke mvuke bila kuungua, mvuke ukakusanywa na kusafishwa kwa haidrojeni kwenye joto na shinikizo kubwa, na viungio vikabaki chini kama lami. Aliyejaribu kuiga hilo kwa pipa na moto wa kuni amejitengenezea bomu.

Kwa oili ambayo haikwenda huko, mahali panapoipokea bila manung'uniko ni tanuri la saruji. Ndani yake kuna nyuzi zaidi ya 1,400 na chokaa tele inayonyonya salfa. Kalsiamu ile iliyoziba nozeli za mtu huungana na kalsiamu nyingine, zinki hufungwa ndani ya klinka, na baada ya kusagwa huingia kwenye mfuko wa kilo 50 na kwenda kupiga plasta ukuta wa nyumba.