Nani Ametia Sahihi?

Karl Lindner hana ngumi wala matusi. Sauti hapandishi. Anabisha mlango, anasubiri akaribishwe, anakaa kitini na mkoba wake, kisha anaiomba familia ya watu weusi ikubali pesa ili isihamie mtaani kwao. Katika A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, ndiye Mzungu pekee tunayemwona jukwaani. Hansberry angeweza kutuletea jitu la kutisha. Badala yake akatuletea mjumbe wa kamati ya wakaazi, mtu ambaye ungempisha kwenye foleni ya benki bila kumtazama mara mbili.

Kitabu nilikitoa kwenye lundo la mtumba sokoni Kibuye, Jumapili, ile siku soko linamwagika hadi barabarani. Chuo niliacha kabla ya kufika somo la tamthilia, kwa hivyo hakuna mhadhiri aliyeniambia inahusu nini. Wengi husema inahusu ndoto. Mimi naona inahusu karatasi: nani ameiandika, nani ametia sahihi, na nani anaambiwa ahame kwa sababu yake.

Kisa chenyewe si kigumu. Familia ya Younger imebanana kwenye nyumba ndogo Chicago. Baba amekufa, na bima italipa dola 10,000. Mama Lena analipa 3,500 kama malipo ya kwanza ya nyumba huko Clybourne Park, mtaa wa Wazungu. Si ati anatafuta vita. Nyumba zinazojengewa watu weusi ziko mbali na bei yake iko juu, basi amenunua pale pesa yake inapofika. Kijana wake Walter Lee anakabidhiwa 6,500, pamoja na sehemu ya karo ya dadake, naye anampa rafiki wa kufungua naye duka la pombe. Rafiki anapotea. Sasa ile bahasha ya Lindner, ambayo walikuwa wameikataa, inaanza kunukia.

Nyuma ya tamthilia kuna kesi ya kweli. Mwaka 1937 baba yake Lorraine, Carl Hansberry, alinunua nyumba Chicago katika eneo ambalo wenye viwanja walikuwa wameandikiana mkataba wa kutouza wala kupangisha kwa watu weusi. Jirani wakashtaki. Mkataba wenyewe ulisema hautaanza kufanya kazi mpaka utiwe sahihi na wenye asilimia 95 ya viwanja, kwa kipimo cha upande unaotazama barabara. Waliokuwa wametia sahihi walifika kama asilimia 54 hivi. Hata hivyo mahakama za jimbo la Illinois ziliwapa jirani ushindi, kwa sababu kesi ya awali, baina ya watu wengine kabisa, ilikuwa imekubali kwamba sahihi zilitosha. Novemba 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani ikapindua uamuzi huo. Haikusema ubaguzi ni haramu. Ilisema huwezi kumfunga mtu kwa kesi ambayo hakuwakilishwa. Mikataba ya aina hiyo ilinyimwa nguvu za mahakama mwaka 1948, kwenye kesi ya Shelley na Kraemer.

Rudi kwa Lindner ukiwa na hiyo hesabu kichwani. Kila anapofungua mdomo anasema kwa niaba ya mtaa: watu wetu wanahisi hivi, watu wetu wamehangaika hivi. Hakuna anayemuuliza ni wangapi. Huo ndio ufundi wa Hansberry. Anamwachia mtu mmoja aseme "sisi" mpaka sisi wasomaji tuanze kuona umati nyuma yake, wakati mlangoni kasimama peke yake na kofia yake.

Tamthilia ina doa, na doa hilo linategemea kitabu ulichoshika. Katika maandishi kamili kuna jirani, Mama Johnson, anayeingia na gazeti lenye habari ya familia nyeusi iliyolipuliwa nyumba na watu wasiojulikana. Onyesho la Broadway la 1959 lilimkata, na matoleo mengi yaliyofuata hayana hiyo sehemu. Bila yeye, Lindner anabaki kuwa kero tu. Akiwepo, unaelewa kwamba yule mwenye mkoba na yule mwenye bomu wanataka kitu kimoja, ila mmoja amekuja na jina lake na mwingine amekuja usiku. Familia ya Hansberry ilikutana na wote wawili: karatasi za mahakama mchana, mawe ya dirishani giza likiingia, na mama akilinda nyumba na bastola. Toleo lako likikosa Mama Johnson, tafuta lingine.

Hapa Kisumu tunalijua hili kuliko tunavyokubali. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, na pendekezo lake likawa miji igawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Kisingizio kilikuwa tauni na malaria. Waraka wa Devonshire wa 1923 uliachana na utengano wa miji kama sera, ila Nyanda za Juu zikabaki za Wazungu, na masharti ya rangi yakaendelea kuishi ndani ya hati za viwanja. Uhuru ulifuta maneno ya rangi. Masharti mengine yakabaki: kiwanja hiki ni cha makazi, nyumba ni moja, matumizi hayabadilishwi bila kibali. Ndiyo maana Milimani ina ua na miti. Manyatta na Nyalenda, zilizoingizwa ndani ya mpaka wa mji mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilijengwa kwenye mashamba ya ukoo, ploti ikizaa ploti.

Sisemi kila sharti ni ubaguzi. Hakuna anayetaka karakana ya kuchomelea vyuma chini ya dirisha la mtoto. Na sheria yetu ya mipango ya ardhi, ya 2019, ina njia ya heshima: mtu akitaka kubadilisha matumizi ya kiwanja anatoa tangazo, na anayepinga anaandika pingamizi lake. Kwa jina.

Mambo yanaharibika tunaporuka hiyo hatua. Kuna ploti moja nyuma ya soko ambapo mama mmoja hukaanga mgongo wazi jioni, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya kiwanda kuondoa minofu. Mwenye ploti alipata ujumbe kutoka namba ngeni: "wakaazi" wamechoka na moshi. Keateka akatumwa amwambie mama azime jiko au atafute nyumba. Mama aliuliza swali moja.

"Wakaazi gani, baba?"

Keateka hakuwa na jibu. Mama angejua ni mlango gani unaoingiza moshi, angesogeza jiko upande wa geti. Bila jina hakuna wa kuongea naye. Lililobaki ni kumshuku kila mtu anayemsalimia asubuhi.

Kuna upande wa pili, na ni mzito. Mpangaji anayeshtaki baa yenye spika hadi alfajiri, na baa ni ya mtu mkubwa, ana haki ya kuficha jina. Ndiyo maana EACC hupokea ripoti za ufisadi bila kukuuliza wewe ni nani. Lakini hapo jina linafichwa kwa mwenye nguvu. Yule mama wa samaki angemfanya nini mtu? Angalia malalamiko yanaelekea wapi, juu au chini, utajua kama kuficha jina ni ngao au ni jiwe la usiku.

Bruce Norris alijaribu kuendeleza hadithi hii katika Clybourne Park, iliyopata Tuzo ya Pulitzer 2011. Nusu ya pili inatuweka mwaka 2009, kwenye nyumba ileile. Sasa mtaa ni wa watu weusi, na Wazungu wanaohamia wanataka kujenga nyumba ndefu kuliko kanuni za mtaa zinavyoruhusu. Wazo kali sana. Lakini Norris anawaacha watu wake watupiane vichekesho vya matusi hadi suala la urefu wa nyumba linapotea, na tunatoka tukiamini wote ni wabaya sawasawa. Si kweli. Kuna anayeweza kupoteza mwonekano wa dirishani, na kuna anayeweza kupoteza mtaa.

Hansberry hakosei hapo. Anahesabu kila dola, kwa hivyo Walter anapomrudisha Lindner na kumkatalia mbele ya mtoto wake, tunajua kukataa kumegharimu kiasi gani. Na anaweza kumkatalia kwa sababu Lindner yupo pale, ana uso, anasikia jibu. Isome kwa ajili ya hilo. Halafu mkutano wa ploti ukiitwa, na mtu aseme "wakaazi wameamua," omba kuona karatasi na uhesabu sahihi.