Hatua Nne za Ladha ya Mkusanyaji wa Saa

Ladha ya mkusanyaji wa saa za mkono hukua kwa hatua. Jicho huanza na sura ya saa, likahamia kwenye mashine, kisha kwenye uhalisi, na mwishowe kwenye historia yake.

Hatua ya kwanza ni ya sura. Makanyagio, mjini Mpanda, kama kwingineko, mlango wa kuingilia ni saa ya betri. Mfano ni Casio F-91W iliyotoka mwaka 1989: nyepesi, ya bei nafuu, na betri yake hudumu takriban miaka 7. Kinachovutia hapa ni mng'ao, ukubwa na wingi. Ndani, saa za namna hii zinakaribiana: fuwele ya kwatsi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kosa lake kwa kawaida halizidi takriban sekunde moja kwa siku.

Hatua ya pili ni ya mashine. Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963, haina betri. Mwendo wa mkono huzungusha uzito unaokaza springi. Matoleo yake mengi hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kwa sekunde. Hukosea zaidi kuliko saa ya betri, lakini hufunguliwa, husafishwa na kutiwa mafuta, ikaendelea kufanya kazi kwa miongo. Mkusanyaji sasa humuuliza muuzaji saa ilisafishwa lini, na fundi saa huwa mwalimu wake.

Hatua ya tatu ni ya uhalisi. Uso uliofifia hupendwa kuliko uliopakwa rangi upya, na kasha lenye mikwaruzo kuliko lililong'arishwa hadi kingo zikapotea. Namba za mfuniko wa nyuma husomwa: kwa Seiko nyingi za zamani, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi. Namba inayoanza na 63 humaanisha Machi ya mwaka unaoishia na 6. Muongo hutambuliwa kwa toleo. Mfuniko usiolingana na mashine hufichua saa iliyounganishwa kwa vipuri vya saa tofauti.

Hatua ya nne ni ya historia. Miaka ya 1970, Sultani Qaboos wa Oman alitoa zawadi za saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni. Mashine ni ile ile ya Rolex za kawaida, lakini nembo hiyo huzipandisha bei maradufu na zaidi. Kanuni hiyo, kwamba historia huongeza thamani, inafaa hata Mpanda, mji uliokuzwa na reli na mgodi wa madini ya risasi: saa ya mfanyakazi wa reli, ikiwa na picha yake au barua ya kazi, ina thamani zaidi kuliko nyingine ya aina hiyo isiyo na mwenyewe anayejulikana.

Kadiri hatua zinavyosonga, mkusanyo hupungua idadi na kuongezeka uzito. Anayeanza leo asing'arishe kasha la zamani, atunze risiti za fundi, na aandike jina la aliyeivaa saa kabla kumbukumbu haijapotea.