Ufundi wa Winga

Winga wa raga husimama pembeni kabisa mwa uwanja, karibu na chaki, akingoja mpira umfikie baada ya wenzake kuuhangaikia katikati. Kazi yake huonekana nyepesi: apokee pasi, akimbie, auweke mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, timu ipate pointi tano za trai. Watazamaji huona mbio. Subira, macho na hesabu ya nafasi, ambavyo hutangulia mbio hizo, haviwavutii wengi, na humo ndimo ufundi wenyewe ulimo. Kenya imetoa mawinga wengi wenye kasi. Aliyeufikisha ufundi huo mbali kuliko wenzake ni Collins Injera, aliyezaliwa mwaka 1986, mchezaji wa klabu ya Mwamba ya Nairobi na wa timu ya taifa ya wachezaji saba, Shujaa. Katika Msururu wa Dunia, mashindano ya kila msimu ya raga ya wachezaji saba, alifunga trai 279.

Raga ya wachezaji saba kila upande ilianzia mji wa Melrose, Scotland, mwaka 1883, pale Ned Haig, aliyekuwa muuza nyama, alipotoa wazo la mashindano mafupi ya kuichangia klabu yake fedha. Uwanja haukupunguzwa. Ni uleule wa timu ya watu kumi na watano, ila sasa unachezewa na saba kwa vipindi viwili vya dakika saba. Nafasi ikawa kubwa na pumzi ikawa ghali. Juu ya hayo ipo sheria ambayo mzoefu wa kandanda huchelewa kuizoea: mpira haurushwi mbele kwa mkono. Winga analazimika kubaki nyuma ya mwenzake aliye na mpira. Akimtangulia kwa hatua moja, pasi inakuwa haramu na mpira unakwenda kwa wapinzani. Akichelewa kwa hatua hiyohiyo, mwanya umekwisha kuzibwa. Mwenye kasi asiyejua kungoja hana faida kubwa hapo, hata awe anawashinda wote katika mbio za mita mia moja.

Injera alianza kuichezea Shujaa mwaka 2006. Kaka yake mkubwa, Humphrey Kayange, alikuwa tayari kwenye timu, na hapana budi kumtaja, kwa sababu trai za winga huandaliwa na wengine. Katika raga ya saba, timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha tena mchezo kwa mkwaju. Maana yake ni kwamba timu yenye mrukaji hodari inaweza kufunga, ikapiga mpira juu, ikaudaka yenyewe na kufunga tena kabla wapinzani hawajaugusa. Kayange, mrefu na mwenye mikono ya hakika, alikuwa bingwa wa kuidaka mipira hiyo ya juu. Mwaka 2021 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Raga ya Dunia. Rekodi za mfungaji huwa na jina moja, lakini ukizisoma vizuri utakuta ndani yake jasho la waliodaka, waliokaba na waliokubali kuangushwa ili mpira utoke.

Msimu wa 2008/2009 ndio uliomtambulisha Injera kwa dunia. Alifunga trai 42 na kuwa mfungaji bora wa Msururu. Machi 2009, katika Kombe la Dunia la raga ya saba mjini Dubai, Kenya iliwaondoa mabingwa watetezi Fiji katika robo fainali kwa 26-7, kisha ikasimamishwa na Argentina katika nusu fainali. Miezi hiyohiyo ilifika fainali ya Adelaide na kushindwa na Afrika Kusini. Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa.

Miaka saba ilipita kabla ya kombe kupatikana. Ayimba alikuwa amerudi kuifundisha timu, na tarehe 17 Aprili 2016, mjini Singapore, Shujaa ilikutana na Fiji katika fainali. Kenya ilishinda 30-7. Injera alifunga trai mbili. Lilikuwa taji la kwanza la Kenya katika Msururu wa Dunia. Uzito wa ushindi huo ulionekana vizuri zaidi Agosti ya mwaka uleule, Fiji ilipotwaa dhahabu ya Olimpiki ya Rio kwa kuichapa Uingereza 43-7. Ayimba alifariki dunia mwaka 2021.

Mwezi mmoja baada ya Singapore, kule London, Injera aliivuka rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina aliyekuwa na trai 230, akawa mfungaji bora wa wakati wote. Rekodi haikukaa mikononi mwake muda mrefu. Mwaka 2017 Dan Norton wa Uingereza alimpita. Wapo wanaolipima jina la Injera kwa miezi hiyo michache kileleni, na hicho ni kipimo cha haraka mno. Mashindano ya saba huchezwa kwa siku mbili au tatu, na timu inayofika fainali hucheza mechi sita hivi, kila moja ikiwa na kukabana kusikomhurumia mtu wa pembeni. Msimu una vituo vingi, kutoka Dubai hadi Hong Kong. Kuubeba mwili katika mzunguko huo kutoka 2006 hadi Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, na kubaki mtu anayetegemewa kufunga, ni ustadi zaidi kuliko kipaji. Kipaji humleta mchezaji mlangoni. Mazoezi ya kila siku, chakula, usingizi na nidhamu ya kurudi mahali pake kila shambulizi linapokwisha ndivyo vinavyomweka ndani.

Ufundi huu umejengewa njia yake nchini Kenya, na njia hiyo ina mipaka. Mashindano ya kitaifa ya saba huzunguka miji kama Nakuru, Mombasa, Kisumu na Nairobi. Mwamba yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1977, ni matunda ya Waafrika waliotaka klabu yao wenyewe katika mchezo uliokuwa umetawaliwa na walowezi. Mzunguko wa mashindano ya kitaifa hauingii Garissa wala Wajir, na kijana wa Diff, mji mdogo wa wafugaji katika Wajir Kusini kwenye mpaka wa Somalia, hukua akiujua mpira wa mviringo peke yake. Si kwamba anakosa miguu wala pumzi. Anachokosa ni mwalimu anayejua sheria, mpira wenyewe, na mechi ya kwenda kuicheza. Ardhi ngumu na yenye vumbi si mahali pa kuangushana, kweli, lakini raga ina namna yake ya kugusana bila kukabana, ambayo haihitaji nyasi na ndiyo shule nzuri ya mambo yaleyale ya winga: kubaki nyuma ya mpira, kuuona mwanya kabla haujafunguka, kutoa pasi ukiwa mbioni. Wasichana nao huweza kuicheza bila pingamizi kubwa, wakiwa wamevaa mavazi yao ya heshima.

Chama cha Raga cha Kenya na serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera hazihitaji kuanza na uwanja wa mamilioni. Zianze na semina ya walimu wa michezo, mipira kadhaa kwa kila shule ya sekondari, na mashindano ya kugusana ya kila mwaka mjini Garissa. Shule za Diff zialikwe na zilipiwe nauli.