Kazi ya Besi

Mwombe mtu akuimbie wimbo anaoupenda, atakuimbia sauti ya kwanza. Hakuna anayekwenda sokoni akipiga mluzi wa besi. Wanakwaya wanalijua hili vizuri: soprano husifiwa kila Jumapili, mwenye besi hutajwa siku asipofika. Mimi watunzi huwapima kwa sauti hiyo ya chini. Wale watatu ninaowarudia kila mara, mmoja wa kinanda cha kanisani, mmoja wa bendi na mmoja wa gemu, wametofautiana karne, nchi na vyombo, lakini wote watatu wameitunza besi kwa subira ileile.

Wa kwanza ni Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyefariki mwaka 1750. Kipande chake cha kinanda kinachoitwa Passacaglia, chenye namba BWV 582, huanza na miguu peke yake. Mikono ya mpigaji bado haina kazi. Kwenye pedali inapigwa nota moja moja, polepole, kwa mapigo matatu matatu, nota 15 zinazojaza baa 8, na ya mwisho inatua chini kabisa. Nusu ya kwanza ya mstari huo inafanana mno na besi iliyomo katika kitabu alichochapisha Mfaransa André Raison mwaka 1688. Ya Raison ni fupi, inaishia baa ya nne. Bach anaendelea kushuka baa nne nyingine, na hapo ndipo mstari unapopata uzito wa kubeba yatakayofuata.

Yatakayofuata ni mizunguko 20 juu ya mstari huo. Katika ule wa kwanza mikono inaingia kwa tahadhari, ikigonga baada ya pigo badala ya kwenye pigo, kiasi kwamba juu panasitasita huku chini kukitembea bila wasiwasi. Baadaye nota za juu zinaanza kukimbia, kwanza mbili kwa kila pigo, kisha nne. Miguu haibabaiki. Ukifuatilia kwa makini utagundua kwamba Bach haongezi kitu kipya mpaka kile cha kabla yake kimekwisha kusikika vizuri. Katikati ya safari anauhamisha ule mstari na kuupeleka sauti ya juu kabisa, kisha anaushusha ndani, anauvunjavunja kuwa nota nyembamba zinazodondoka, na pedali zinanyamaza. Miguu inaporudi na mstari wake mzima, msikilizaji anajua bila kuambiwa kilichokuwa kimekosekana. Mizunguko ikiisha, Bach anakata ile nusu ya kwanza ya mstari na kuanza nayo fyuga, yaani sauti zinazofuatana moja baada ya nyingine zikiimba maneno yaleyale ya muziki. Malighafi ni ileile ya mwanzo.

Wa pili ni Gustav Holst, Mwingereza aliyezaliwa Cheltenham mwaka 1874. Wengi wanamjua kwa kazi yake ya okestra, The Planets, lakini mimi huanza na Suite yake ya kwanza ya bendi ya jeshi, aliyoiandika mwaka 1909 alipokuwa mwalimu wa muziki wa shule ya wasichana London. Ugonjwa wa neva kwenye mkono wa kulia ulikuwa umemkatisha tamaa ya kuwa mpiga piano, akajipatia riziki kwa tromboni. Hilo linasikika katika kazi yake. Aliyewahi kukaa safu ya shaba anajua pumzi inaishia wapi, na anajua nota ipi itatoka safi na ipi itakwaruza. Siku hizo bendi nyingi zilipiga muziki wa okestra uliopangwa upya kwa ajili yao. Holst alizitungia kitu chao wenyewe.

Sehemu ya kwanza, Chaconne, nayo huanzia chini. Tuba na yufoniamu, bila mtu mwingine, zinapiga mstari wa baa 8 wa mapigo matatu. Nota tatu za kwanza, kwa lugha ya kwaya, ni do, re, la. Mstari unaisha, na palepale unaanza tena, safari hii tromboni na korneti zikiingia juu yake kwa upole. Kisha zinafuata ala za mbao. Klarineti zinaanza kukimbia, nota ndogo ndogo zilizobanana, ilhali tuba chini yake inaendelea na hatua zake pana. Ndipo Holst anapofanya jambo linalohitaji ujasiri: bendi nzima ikiwa imepamba moto, anaipunguza. Wanabaki wachache, kila chombo na sauti yake, na mstari unageuzwa kichwa chini miguu juu. Palipopanda sasa panashuka, palipokuwa na furaha pana huzuni. Umbali kati ya nota na nota ni uleule, ila umeelekezwa kwingine. Baada ya hapo anaanza kujenga upya kutoka kwenye unong'ono, ngazi kwa ngazi, mpaka shaba zote zinafunguka.

Uvumilivu wake hauishii hapo. Sehemu ya pili, Intermezzo, ni nyepesi na ya haraka, lakini wimbo wake unachipuka kutoka kwenye do, re, la zilezile. Ya tatu ni maandamano ya kijeshi, na wimbo wake unaanza na nota hizo zikiwa zimegeuzwa. Unafuata wimbo wa pili, mpana na wa kuimbika, na mwishoni zote mbili zinapigwa kwa pamoja, wala hakuna unaomkanyaga mwenzake. Holst aliandika kwenye nakala yake kwamba sehemu tatu zimejengwa juu ya wazo moja, hivyo zipigwe mfululizo bila kusimama. Aliacha pia agizo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: katika Intermezzo, bendi isiyo na besi ya nyuzi isiwape wapiga shaba nota za chombo hicho, bali iziache zisipigwe, isipokuwa pale alipoonyesha mwenyewe. Aliona heri pengo kuliko sauti ya chini isiyo mahali pake.

Wa tatu ni Koji Kondo, mzaliwa wa Nagoya, aliyejiunga na Nintendo mwaka 1984. Mwaka uliofuata ilitoka Super Mario Bros., gemu ambayo programu yake, picha na muziki vyote pamoja ni kilobaiti 40. Kondo hakuwa na wapigaji. Alikuwa na chipu ya sauti ya mashine ya Famicom, na muziki wake ulitumia sauti nne tu: mbili kali zenye wimbi la mraba, moja laini yenye wimbi la pembetatu, na moja ya mchakarisho usio na nota. Zile mbili za mraba alizipa wimbo na mwenzake, mchakarisho akaupa kazi ya ngoma, pembetatu akaipa besi. Pembetatu hiyo haina namna ya kuongezwa wala kupunguzwa sauti. Ama inalia, ama imenyamaza. Kwa hiyo uhai wake wote unatokana na wakati: nota ianze lini, ikatwe lini, ukimya wa kiasi gani ukae katikati.

Muziki wa kwanza alioutunga kwa ajili ya uwanja wa wazi wa gemu hiyo ulifuata mandhari, nyasi na mbingu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alipoijaribu gemu yenyewe aliona haukubaliani na jinsi Mario, mhusika wake, anavyokimbia na kuruka, akauweka kando na kutunga mwingine kwa kufuata mwendo wa mchezaji. Huo wa pili umeundwa kwa vipande vifupi vinavyoitwa tena na tena kwa mpangilio maalumu, ili nafasi itoshe.

Kuna shida moja ambayo Bach na Holst hawakuwahi kuipata. Chipu hiyohiyo ndiyo inayotoa milio ya mchezo. Mario akiruka, mlio wa kuruka unachukua sauti moja ya mraba. Akiokota sarafu, unachukuliwa mraba wa pili. Akivunja tofali, mchakarisho nao unakatizwa. Wimbo unatobolewa kila sekunde, na mlio ukiisha, sauti iliyonyang'anywa inarudi mahali ambapo muziki umekwisha kufika, kwani muziki haumngoji mtu. Katika gemu hiyo sauti isiyochukuliwa na mlio wowote ni pembetatu. Besi inaendelea, na kwa kuwa inaendelea, sikio linajaza lenyewe yale matundu na halihisi kwamba kuna kilichopotea.

Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa, wa kwanza kutoka kwenye gemu kupewa heshima hiyo. Watu wanaoufahamu duniani kote hupiga mluzi wa mraba, si wa pembetatu. Vivyo hivyo anayetoka kwenye onyesho la bendi huimba maandamano ya Holst, na anayetoka kumsikiliza Bach huzungumzia vidole vya mpigaji. Kazi ya chini ikifanywa sawasawa, sifa huenda juu, na watunzi hawa watatu waliifanya kama wanaolijua hilo tangu baa ya kwanza.