Vyombo, Bidhaa na Shehena: Tahakiki ya Hati za Kuhamishia Mali Ng'ambo

Zinapojadiliwa istilahi za bandari, aghalabu huzungumzwa katani, kahawa, saruji na mafuta. Kitanda cha mtu, sufuria zake na kasha alilorithi kwa bibi yake husahauliwa, ingawa navyo hupita gati lile lile na kuandikiwa hati zile zile. Hivi karibuni tumepitia hati tatu ambazo mawakala wa usafirishaji huwapa wateja wao wa Tanga, Pangani na Muheza, wanaokwenda kukaa ng'ambo au wanaorejea kutoka Maskati, Dubai na Uingereza. Zote tatu zimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Mawakala wenyewe hatutawataja, kwani kosa si lao peke yao. Yaelekea wafasiri walipewa maneno bila ya kuonyeshwa kazi yenyewe. Lakini hati hatuna budi kuzihakiki, kwa sababu neno likikosewa humo hulipiwa kwa fedha.

Kosa la kwanza ni la kuchekesha. Hati mbili zinamtaka mteja aorodheshe "athari zake za kibinafsi". Mtu wa Tanga akiambiwa aandike athari zake atadhani anaulizwa makovu aliyo nayo mwilini, au madhara aliyowatendea jirani zake. Asili ya kosa ni dhahiri. Kiingereza kina neno ambalo katika umoja lina maana ya matokeo ya jambo, na katika wingi, kwa lugha ya wanasheria, lina maana ya mali ya mtu inayohamishika. Mfasiri alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, akaifunga.

Kosa la pili halichekeshi. Hati zote tatu zinaviita vitu vya mhamaji "bidhaa za nyumbani". Bidhaa ni kitu kilichotengenezwa au kununuliwa ili kiuzwe. Godoro likiwa dukani ni bidhaa; likishanunuliwa na kulaliwa si bidhaa tena, mpaka siku mwenyewe atakapoamua kulipeleka mnadani. Na hapo hasa ndipo sheria ilipoweka mpaka wake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, humsamehe ushuru mtu anayehamisha makazi yake, kwa nguo zake na kwa vitu vyake binafsi na vya nyumbani ambavyo alikuwa akivitumia huko alikotoka. Huongeza pia gari moja, ikiwa alilimiliki na kulitumia nje ya nchi za Jumuiya kwa muda usiopungua miezi 12. Msamaha wote umesimama juu ya matumizi ya nyumbani, ilhali bidhaa ndicho kitu kinachotozwa ushuru. Basi mama aliyekaa Maskati miaka 20, akarejea Tanga na jokofu lake, kisha akatia sahihi kwamba ameleta bidhaa, ametoa kwa mkono wake mwenyewe ushahidi wa kumkana. Ofisa mwenye busara atalitazama jokofu kabla ya kulitazama neno. Lakini si vema haki ya mtu itegemee busara ya ofisa hali neno sahihi lipo.

Tunajua kuwa kuna watakaojitetea kwa kusema kwamba Kiingereza hutumia neno moja tu kwa vitu vya dukani na kwa vitu vinavyosafirishwa. Ni kweli, lakini huo ni umaskini wa Kiingereza, na hakuna sababu ya kuukopa. Sisi tuna bidhaa, mali, vitu, mizigo na shehena, na kila moja lina kazi yake.

Je, neno linalofaa ni lipi? Mwambao wote wa kaskazini husema vyombo. Mtu akihama Chumbageni kwenda Ngamiani huhamisha vyombo, na ndani ya neno hilo vimo vitanda, makabati, masufuria, mikeka na redio. Samani ni neno zuri lakini ni finyu: kabati ni samani, sufuria si samani. Ugumu wa vyombo unatokea baharini, kwa kuwa chombo ni jahazi pia, na upatanisho wa kisarufi hautusaidii, maana yote mawili yamo katika ngeli moja. Hati moja ina sharti lisemalo kuwa "mwenye chombo hatawajibika kwa vyombo vitakavyoharibika chomboni". Mwenye chombo ni nani hapo, mwenye meli au mwenye sufuria? Mteja akisoma hivi na wakili akisoma vile, wote wawili wana haki. Sisi tunashauri kuwa katika hati za namna hii iandikwe vyombo vya nyumbani kwa ukamilifu wake kila mara, na chombo cha baharini kitajwe kwa jina lake, meli au jahazi, bila ya kufupisha.

Katika orodha za vyombo umo mtego mwingine, ambao walimu wataufurahia. Jikoni mwa pwani hamkosi mbuzi, yaani kile kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi. Katika maneno kamili hakuna shaka: mbuzi mmoja ni mnyama, mbuzi moja ni ya nazi, na upatanisho umetutenganishia. Lakini orodha za forodha hutaka tarakimu, nazo tarakimu hazina ngeli. "Mbuzi 1" ikipelekwa kwa mfasiri asiyepata kuona nazi ikikunwa, itageuka mnyama hai katika hati ya Kiingereza, na mwenye mali ataulizwa cheti cha daktari wa mifugo. Iandikwe "mbuzi ya kukunia nazi", japo mstari utakuwa mrefu.

Ni ajabu kwamba makosa haya yanapatikana Tanga, mji ulioishi kwa kazi ya kupakia na kupakua. Reli ya kwenda Usambara ilianza kujengwa hapo mwaka 1893, na katika mwaka huo huo mkonge ukaletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf. Kwa miaka mingi maji ya gatini yalikuwa haba, meli zikitia nanga ghubani, na kila kitu kikivushwa kwa matishari. Watu nao wamehama kutoka mji huu kwa mafungu: walowezi wa mashamba ya mkonge baada ya Azimio la Arusha la 1967, wafanyabiashara wa Kihindi baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971. Wote walisemwa kwamba wamefunga virago. Kirago ni mkeka wa kulalia safarini, na virago ni mali yote ambayo mtu aweza kuondoka nayo. Hatushauri neno hilo liingizwe katika hati za forodha, kwa kuwa limekwisha kuwa la kumsimanga mtu anayefukuzwa. Tunalitaja ili ijulikane kuwa wazo hili si geni kwetu. Tena mji huu ndio uliomtoa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na aliyekuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Haielekei kuwa mji huo huo ukose neno la kuitia mali ya mtu.

Kuhusu tishari tuongeze neno moja. Baada ya lango la bandari kuchimbwa hadi kina cha mita 13 na magati mawili yenye urefu wa mita 450 kujengwa upya, meli sasa hutia gatini penyewe. Tishari litaanza kuzeeka, na pamoja nalo maneno mengi ya wafanyakazi wake. Anayeyajua na ayaandike sasa.

Turudi kwenye hati. Tofauti ya mzigo na shehena imevurugwa mno. Mzigo hupimwa kwa mchukuzi na shehena hupimwa kwa chombo. Masanduku matatu ya mtu ni mizigo yake; yakiingia melini huwa sehemu ya shehena ya meli, lakini hayawi "shehena zake tatu" kama ilivyoandikwa. Nauli nayo imepunguzwa bila sababu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 huifahamu kuwa ni malipo ya kusafirishwa, ya mtu na ya mali pia. Leo ofisi zimeiacha kwa abiria wa basi, na mahali pake pameandikwa "gharama za usafirishaji", maneno ambayo yaweza kuwa na maana ya nauli, ya bima, ya gari la kutoa vitu bandarini, au ya yote kwa pamoja. Mteja hajui amelipia nini. Nauli ya mizigo ingetosha.

Ile hati kuu ambayo meli humpa mwenye mali, na ambayo asipoionyesha hapewi kitu, imeitwa "bili ya shehena". Bili kwa Mswahili ni karatasi ya kudaiwa: bili ya maji, bili ya umeme. Mtu anayeletewa bili huiweka kando mpaka mwisho wa mwezi, na hii ni karatasi ya kufungiwa sandukuni. Hati ya shehena ni neno ambalo limekwisha tumika, na halina kasoro.

Juu ya kontena na kasha hatukubaliani na baadhi ya wenzetu. Magazeti na ofisi za bandari hupenda makasha, na hoja yao kwamba neno hilo ni letu ina uzito. Katika biashara ya saruji halina madhara. Lakini katika nyumba ya Kiswahili kasha lipo tayari: ni lile sanduku kubwa la mbao lenye nakshi za shaba, linalotunzia kanga na dhahabu za mwenye nyumba. Familia ikihama, kasha litakuwa ndani ya kasha, na hati itasema kuwa kasha limevunjika. Lipi? Kontena limekwisha kubaliwa na madereva, makuli na wafanyabiashara, na libaki. Kinyume chake, "sili" ya mlangoni pake haina sababu ya kuwapo, kwa kuwa lakiri tunalo na hata masanduku ya kura hufungwa kwa lakiri.

Pongezi tunazitoa kwa neno moja tu, ambalo mfasiri wa hati ya tatu alilichukua kutoka midomoni mwa watu: kugomboa. Wengine wameandika "kusafisha mizigo", kana kwamba vitu vimeingia tope. Kugomboa ni kutoa kilichowekwa rehani, na yeyote aliyepata kusimama dirishani akilipa ada moja baada ya nyingine ndipo aone sanduku lake, atakubali kuwa neno hili limetazama jambo lenyewe.

Hatari kubwa zaidi imefichwa katika maneno matatu: "wastani wa jumla". Tulipoyakuta mara ya kwanza tulidhani ni hesabu za shule. Kumbe yanahusu kanuni ya kale ya bahari: ikiwa sehemu ya shehena imetoswa, au gharama kubwa imetumika kwa makusudi ili kuokoa safari, wenye meli na wenye mali wote huchangia hasara hiyo, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake iliyosalimika. Mwaka 2021, baada ya meli Ever Given kukwama katika Mfereji wa Suez, mwenye meli alitangaza mchango wa namna hii, na waliokuwa na makontena melini walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kupewa mali yao. Mwenye vitanda viwili na jokofu hasamehewi. Basi mteja wa Tanga anatia sahihi kukubali "wastani wa jumla", na hajui kwamba amekubali kuchangia hasara ya mwenzake wasiyejuana.

Lugha yetu ilikuwa na neno bora kwa jambo hili, nalo ni bia, yaani kuchanga ili kushiriki, kama katika kula bia. Lakini hasara ya bia siku hizi itafahamika kilabuni kuliko bandarini. Hasara ya shirika nayo ingefaa kwa maana ya asili, ila tangu mashirika ya umma yaenee, itasomwa kuwa ni hasara ya kampuni, yaani kinyume kabisa cha makusudi. Tunapendekeza mchango wa hasara ya baharini. Ni maneno matano badala ya matatu, lakini la kwanza linamwambia mteja kuwa atatoa fedha, na hilo ndilo analopaswa kujua kabla ya kushika kalamu.

Limebaki neno "vilivyotumika". Hati ya tatu, kwa kukwepa bidhaa, imeandika "vitu vilivyotumika". Vimetumiwa na nani? Kontena la majokofu ya mtumba aliloagiza mfanyabiashara limejaa vitu vilivyotumika, na yote hulipiwa ushuru. Muundo huu umemficha mtumiaji, ambaye ndiye msingi wa msamaha. Na kwa kuwa tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania, wakati sheria hii ya Jumuiya ingali kwa Kiingereza, wafasiri watakikuta kifungu hiki tena na tena. Sisi tungekiandika hivi: "Nguo za mhamaji, pamoja na vitu vyake binafsi na vyombo vya nyumbani vya namna yoyote, ambavyo yeye mwenyewe au watu wa nyumba yake walikuwa wakivitumia mahali alipokuwa akikaa kabla ya kuhama." Katika utangulizi wa orodha iongezwe sentensi moja tu: "Vitu hivi si vya kuuzwa."

Mawakala watakaozichapisha upya hati zao tunawaomba watuletee nakala.