Istilahi za Vyombo vya Ushirika Mtakatifu

Mfasiri anayeandika "vyombo vya fedha vya makanisa ya mwanzo ya Kilutheri" humpotosha msomaji, kwani maneno hayo siku hizi humaanisha benki na taasisi za mikopo. Heri aandike "vyombo vya madini ya fedha".

Tatizo la pili ni "kalisi". Neno hili, lililozoeleka kwa Wakatoliki, lina faida ya kukitenga chombo hiki na vikombe vya chai. Lakini Mtaguso wa Konstanz wa mwaka 1415 uliwanyima walei divai, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 22, likatetea kila mshiriki apewe mkate na divai pia. Hoja yao ilikuwa amri ya Kristo kwamba wote wanywee kikombe, na ndilo neno la Biblia ya Kiswahili. Basi "kikombe cha ushirika" kinafaa zaidi.

Tena, wote walipoanza kunywa, divai nyingi ilihitajika, na chombo kikubwa cha kumiminia kikapata nafasi. Hicho kisiitwe kikombe, bali "birika la divai". Orodha inayovichanganya viwili hivi huyaficha mageuzi yenyewe.